Mchanga Uliotunzwa na Umbali

Wavuvi wa Ziwa Nyasa wana jina la kazi kwa mchanga wao: mwalo. Mwalo ni mahali mtumbwi unapopandishwa, dagaa wanapomwagwa, bei inapogombaniwa na afisa uvuvi anapofika na daftari lake. Matangazo ya utalii yana jina jingine kwa mchanga huohuo, ufukwe, na siku hizi ufukwe hautembei peke yake. Sharti ufuatane na kivumishi: wa asili, tulivu, usioguswa. Mgeni anayeshuka kutoka Songea kwenda Mbamba Bay, safari ya karibu kilomita 170 kupitia Mbinga, huahidiwa ufukwe na kukuta mwalo. Usipa, yaani dagaa wa ziwa hili, wametandazwa chini wakimeta kama bati jipya, mwanamke ameinama akiwageuza kwa mkono ili wasikauke upande mmoja, na hatua chache kutoka hapo maji ni maangavu kiasi kwamba miguu ya anayeoga inaonekana hadi kucha. Usafi wa maji ni wa kweli na kazi ya yule mwanamke ni ya kweli. Neno “usioguswa” ndilo lisilo la kweli, na uongo wake una gharama. Mchanga wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi umeguswa na biashara ya watumwa, na vita, na wamisionari, na meli za chuma, na wachora mipaka. Ulichokosa ni njia ya kupeleka mali mbali. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba uzuri wa mwambao huu haukulindwa na sheria wala na hisani ya serikali yoyote. Ulilindwa na umbali, na umbali huo sasa unafutwa.

Katikati ya karne ya 19 hapa hapakuwa pembeni hata kidogo. Kilwa ilikuwa ikivuta watumwa na pembe za ndovu kutoka nchi za ziwa, na majahazi yaliyoundwa papo hapo ziwani yalivusha mateka kutoka ng’ambo ya magharibi, hasa kutoka Kota Kota alikotawala Jumbe, hadi mwambao wa mashariki, ambako misafara ilianza mwendo wa miguu kuelekea Bahari ya Hindi. Wakati huohuo Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, walikuwa wamejikita kwenye nyanda za juu zinazoizunguka Songea ya leo. Baada ya Wangoni wa Maseko kushindwa na kufukuzwa, zilibaki dola mbili, Njelu na Mshope, na vikosi vyao vilishuka mara kwa mara hadi ziwani kutafuta chakula, mifugo na watu. Matokeo yalionekana mchangani. Wazungu waliolizunguka ziwa miaka ya 1870, baada ya E. D. Young kuiingiza majini Ilala mwaka 1875, meli ya kwanza ya mvuke humo, waliandika kuhusu vijiji vya mwambao wa mashariki vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji, na kuhusu watu waliojibanza kwenye majabali. Yaani mchanga ulikuwa mtupu, mweupe, umefagiwa na upepo, na wenyewe wamekaa juu ya maji wakiutazama kwa mbali kwa sababu anayelala pale huenda asiamke huru. Utupu ule ulitengenezwa na hofu. Lakini mgeni wa leo, angeuona ufukwe ule bila kujua habari za nyuma, angeupiga picha na kuuita wa asili.

Waliorudisha watu mchangani hawakukusudia kufanya hivyo. Wajerumani walipoweka boma Songea mwaka 1897, uvamizi wa kutoka juu ulikatika, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakafungua misheni ya Peramiho. Kule chini ziwani Waanglikana wa shirika la kimisionari la UMCA walikuwa wametangulia. Mwaka 1885 waliunganisha meli yao ya mvuke, Charles Janson, na mwaka 1901 wakazindua kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliyobeba jina la askofu aliyezama katika ziwa hilohilo mwaka 1895. Kwa mtu kama William Percival Johnson, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1876 na kuhudumu mwambao huu hadi alipofariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, kila kijiji chenye mchanga kilikuwa kituo: meli inatia nanga, mashua inashushwa, dawa na daftari la ubatizo vinapelekwa nchi kavu, kisha safari inaendelea. Kijiji cha majabali kilifikika kwa taabu; kijiji cha mchanga kilifikika kwa kasia. Kwa hiyo shule, kanisa na zahanati zilikaa pale meli ilipoweza kukaribia, na ramani ya makazi ya leo, kwa sehemu kubwa, ni ramani ya mahali mashua za misheni zilipoweza kupanda mchangani.

Liuli yenyewe ilipata jina la kikoloni kwa sababu ya mwamba wake, ambao wenyeji wanauita Pomonda. Wajerumani waliona ndani yake umbo la ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Haikuwa bandari ya kupumzikia. Ndipo ilipopandishwa meli ya Hermann von Wissmann ili ifanyiwe matengenezo, kwa hiyo mwanzoni mwa Agosti 1914 mchanga wa Liuli ulikuwa gereji: magogo ya kutelezeshea, nyundo, mafuta ya mashine, na chombo cha chuma kikiwa kimekaa nje ya maji kama kiboko aliyelala. Tarehe 13 ya mwezi huo, siku tisa baada ya Uingereza kuingia vitani, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilitokea ikiongozwa na Kapteni Rhoades na kuifyatulia mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita. Inasimuliwa kuwa alipanda kimashua akaenda kumfokea Rhoades, rafiki yake wa siku zote, akimuuliza kama amelewa. Alichukuliwa mateka. Waingereza walirudi Mei 1915 kuhakikisha kuwa meli ile haitumiki tena. Vitabu vya vita hupenda kukitaja kisa hiki kama kichekesho, au kama ushindi wa kwanza wa Uingereza majini katika vita vile, na ni kweli kinachekesha. Mimi naona ndani yake ushahidi wa jambo zito zaidi: dola mbili za Ulaya zilikuwa zikihesabu mchanga wa Liuli kuwa mali ya kijeshi. Mahali panapopigwa mizinga katika wiki ya pili ya vita vya dunia hapawezi kuitwa mahali palipokuwa nje ya historia.

Basi kama hapa palikuwa na thamani hiyo, kwa nini baada ya hapo pakanyamaza? Jibu langu ni reli, au tuseme kutokuwepo kwake. Wajerumani walikuwa na mpango wa Reli ya Kusini kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Mwaka 1905 mtafiti wao, Paul Fuchs, alichapisha uchunguzi wake wa uchumi wa njia hiyo. Mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vililipuka, na Ungoni ikalipa kwa damu, kwa kunyongwa kwa viongozi wake akiwemo Songea Mbano mwaka 1906, na kwa njaa iliyoletwa na mashamba na maghala yaliyochomwa makusudi. Fedha za reli zilikwenda katikati ya nchi, na mwaka 1914 garimoshi likafika Kigoma. Ziwa Tanganyika likapata reli, Ziwa Viktoria lilikuwa tayari nayo upande wa Kisumu, Nyasa likabaki na njia za miguu. Waingereza nao walijaribu kwa namna yao. Mpango wa karanga uliowapeleka Nachingwea baada ya mwaka 1947 ulizaa bandari ya Mtwara na reli ya kusini, lakini karanga ziligoma na reli hiyo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vyake vikang’olewa kabla havijakaribia Songea. TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ilipita Makambako na Mbeya kuelekea Zambia, ikauacha mkoa wa Ruvuma kusini kwake. Mali ya mkoa ikajifunza kulipa ziwa kisogo. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichoanzishwa mwaka 1936, kilikuwa cha tumbaku. Kahawa ya Wamatengo ililimwa milimani, kwenye miteremko ya ngoro, yaani mashimo yao ya kilimo. Na mazao yote hayo yalitafuta njia ya kwenda mashariki au kaskazini. Vijana nao walikwenda huko, wengi wao wakiwa manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Hakuna kilichoteremka ziwani isipokuwa watu wa ziwani wenyewe wakirudi makwao.

Kuna sababu nyingine iliyousukuma mwambao huu pembeni, nayo imechorwa juu ya mchanga wenyewe. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliutaja mpaka kwa kufuata kingo za ziwa, na Malawi imeshikilia hadi leo kwamba maji yote ya upande huu ni yake. Tanzania husema mpaka upo katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mipaka ya maziwa na mito duniani. Mwalimu Nyerere alilitamka hilo mwaka 1967 na Rais Banda wa Malawi akalikataa. Mwaka 2012 mzozo ulifufuka baada ya Malawi kutoa leseni ya utafutaji mafuta, na marais wastaafu wa Afrika, Joaquim Chissano akiwa mbele, wakaombwa kusuluhisha. Ukifuata dai la Malawi neno kwa neno, mwanamke wa Mbamba Bay anayesuuza sufuria huku maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu ameshavuka mpaka, na mtoto wake aliyekaa nchi kavu akimngoja yuko Tanzania. Tena ukingo wenyewe hautulii. Mto Shire, mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hili, uliziba kwa mchanga na mimea, na kwa miaka ipatayo ishirini, tangu karibu mwaka 1915, haukutoa maji ya maana. Kina kikapanda kwa mita kadhaa. Miaka ya 1979 na 1980 kilipanda tena kupita kiasi. Mchanga ambao Gwendolen iliupiga mizinga si mchanga uleule anaoutandikia taulo mtalii wa leo. Sehemu yake imefunikwa na sehemu imehamia juu. Mpaka unaofuata ukingo wa namna hiyo unapanda na kushuka pamoja na mvua.

Hoja yangu ina wapinzani, na wa kwanza ni mzalendo wa ziwani mwenyewe. Atasema: umbali hautunzi kitu, sisi ndio tuliotunza, wazee walikuwa na miiko yao, mahali pa matambiko hapakutupwa wavu, na mvuvi hakugusa samaki wanaopanda mto kutaga. Sina sababu ya kukana kwamba miiko ilikuwepo na kwamba ilifanya kazi yake. Lakini miiko hufanya kazi pale soko linapoishia kijijini. Mbasa, samaki mkubwa anayepanda Mto Ruhuhu kutaga mayai, huliwa na walaji wa mbali kwa njia moja tu: barafu na barabara. Pasipo hivyo hata mwenye tamaa kubwa hana pa kuipeleka tamaa yake. Hatuwezi kumpa sifa yote ya kujizuia mtu ambaye hakuwahi kujaribiwa, na wala si tusi kulisema hilo. Nyavu zenye matundu madogo zilienea katika maziwa yote ya Afrika Mashariki mara tu wanunuzi walipoongezeka, na hakuna ushahidi kwamba wavuvi wa huko walikuwa na roho mbaya kuliko wa Liuli.

Samaki wa majabali, wale wadogo wenye rangi za bluu na njano wanaoitwa mbuna, wanaonyesha jinsi umbali unavyofanya kazi hata chini ya maji. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki ambazo karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na wengi wa mbuna hukaa kwenye mawe ya sehemu moja tu. Anayezaliwa kwenye majabali ya upande mmoja wa ghuba haendi upande wa pili, kwa sababu katikati kuna mchanga mtupu usio na pa kujificha. Ufukwe unaompendeza muogaji ndio jangwa linalomfungia mbuna nyumbani, na kwa muda mrefu kufungiwa huko ndiko kulikozaa aina mpya. Ndiyo maana mwalo mmoja ukiharibiwa, huenda hasara isiwe ya mwalo mmoja kati ya mingi. Huenda ikawa ya aina ambayo haipo mahali pengine popote.

Mpinzani wa pili ananisumbua zaidi. Anauliza: kama umbali umekwisha, tuweke hifadhi; kwani Malawi haikuweka? Kweli, mwaka 1980 Malawi ilitangaza hifadhi ya taifa upande wa kusini wa ziwa, Cape Maclear, na mwaka 1984 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini tazama vipimo vyake. Kati ya kilomita za mraba 94 za hifadhi ile, ni 7 tu zilizo maji, kwa sababu ulinzi unaishia mita 100 kutoka ukingoni. Na mchanga wa Cape Maclear umetoa somo chungu. Hadi miaka ya 1980 iliaminika kwamba fukwe za wazi za ziwa hili hazina kichocho. Baadaye kikazuka papo hapo, na wanasayansi waliochunguza wakakihusisha na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono wa mchangani, wale wanaobeba vimelea. Mchanga ulibaki mweupe, maji yakabaki maangavu, picha zikatoka vizuri kama zamani, na waogaji wakaanza kukojoa damu. Usafi wa ufukwe haupimwi kwa jicho.

Wapo pia wanaoiogopa hifadhi kwa sababu iliyo kinyume, kwamba itamfukuza mvuvi. Hofu yao ina msingi nchini mwetu. Mahale, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1985 kando ya Ziwa Tanganyika, inalinda kipande cha maji chenye upana wa kilomita 1.6, jambo ambalo Nyasa ya Tanzania haijapata kwa kiwango cha hifadhi ya taifa. Lakini wenyeji wa milima ya Mahale, Watongwe, walihamishwa. Kuna mfano mwingine, na Songea ina udugu nao wa maji. Mto Ruvuma, unaotiririka kutoka milima ya Matagoro juu ya mji, unaishia baharini Mtwara katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria Namba 29 ya mwaka 1994. Hifadhi hiyo ya kilomita za mraba zipatazo 650 ina vijiji ndani yake. Watu wa Msimbati, mojawapo ya vijiji hivyo, hawakuambiwa wafungashe. Ina visima vya gesi pia, iliyogunduliwa mwaka 1982, jambo linaloonyesha kwamba serikali ikitaka kitu ndani ya hifadhi hupata njia ya kukichukua. Ni hifadhi yenye kasoro, na siitetei kwa kila kitu. Ila inathibitisha kwamba sheria ya Tanzania inaweza kulinda maji na mchanga bila kumtoa mwenyeji, na kwamba kisingizio cha “ama utalii ama uvuvi” hakina mashiko. Nyasa, kwa upande wake, haikosi mapori. Lipo Pori la Akiba Liparamba katika vilima vya kuelekea Msumbiji. Tembo wamepewa mstari kwenye ramani. Mbuna bado.

Wakati wa kuamua si mrefu. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao yake yakiwa Mbamba Bay. Lami ya kutoka upande wa Songea ilifika Mbinga kwanza, kisha kipande cha mwisho cha kushuka ziwani kikakamilika, na safari iliyokuwa ya kulala njiani wakati wa masika sasa ni ya kwenda na kurudi siku moja. Meli mpya ya MV Mbeya II ilianza kazi mwaka 2021. Ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay umeanza, na ile ndoto ya Paul Fuchs imerudi kwa jina la ukanda wa maendeleo wa Mtwara, na reli yake kwenye michoro. Mimi si mpinzani wa lami; anayesifu umbali aulize wajawazito wa Lituhi waliowahi kusafirishwa kwa mtumbwi usiku. Ninachopinga ni kudhani kwamba ukimya wa miaka mia moja ni tabia ya mahali, kana kwamba utaendelea wenyewe huku malori yakishuka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa mbao za matangazo hiyo ni ahadi kwamba mchanga utabaki wazi. Lakini zipimwe kutoka ukingo upi, wa mwaka wa maji mengi au wa maji machache? Na ndani ya mita hizo 60 ndimo unamofanyika mwalo wote: mitumbwi, nyavu zinazoanikwa, vichanja vya kukaushia usipa. Kichanja ni miti michache na wavu uliotandazwa juu yake, kinaweza kubomolewa kwa dakika kumi, na mwenye hoteli anayetaka mandhari atakiita uchafu. Bila kichanja dagaa hurudi kuanikwa chini. Mama ntilie wa Songea anawajua dagaa wa namna hiyo hata kabla ya kuuliza walikotoka: huwaosha mara tatu, nne, akimwaga maji yenye changarawe nyuma ya banda, na bado mteja akitafuna anasikia mchanga wa Nyasa kwenye meno.